Robo ya nini? Tujue galoni, kwati na lita kabla ya kuchanganya dawa



Ndugu msomaji, msimu mmoja wa masika mama mmoja alimleta kituoni kwetu mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi michache. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili. Mama huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa ameanza tiba nyumbani mapema, kama tunavyosisitiza siku zote, na mtoto alikuwa akinywa dawa ya kurudisha maji mwilini, yaani ORS, tena kwa pupa. Lakini kila alipokunywa kiu ilizidi. Akawa analia bila kutulia, anashituka akiguswa, na alipofika kwetu ulimi wake ulikuwa umekauka kabisa.

Nilimwomba mama anieleze, hatua kwa hatua, jinsi alivyochanganya dawa. Pakiti zile aliletewa na shemeji yake aliyekuja likizo kutoka Marekani, na juu yake ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba pakiti moja ichanganywe na kwati moja ya maji safi. Mama hakujua kwati ni kitu gani. Akamuuliza kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, naye akamjibu kwamba neno hilo maana yake ya asili ni robo. Kijana hakukosea. Lakini hakuna aliyeuliza: robo ya nini? Mama ana genge, na ndani ya genge ana kipimo cha robo lita cha kuuzia mafuta ya kula. Akakiosha vizuri kwa sabuni, akapima maji yaliyochemshwa, akamimina pakiti nzima.

Kwati ni robo ya galoni, si robo ya lita. Kwati ya Marekani inakaribia kabisa lita moja. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa akinywa chumvi karibu mara nne ya ile iliyokusudiwa. Chumvi ikizidi namna hiyo katika damu, huvuta maji kutoka katika chembechembe za mwili, na za ubongo zikiwemo, ndipo mtoto anapopata kiu isiyokatika, kisha degedege, na akicheleweshwa anaweza kupoteza maisha. Huyu alipelekwa hospitali siku ile ile, akakaa siku kadhaa, na Alhamdulillah akarudi nyumbani mzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza akina mama na akina baba swali moja linaloonekana la kitoto: galoni yako nyumbani ni lita ngapi? Majibu ninayopata ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Galoni yenye sura nyingi

Hapa Arusha neno galoni si kipimo tena, ni chombo. Ukienda kwenye foleni ya maji wakati bomba limekatika, galoni ni lile dumu la lita 20. Ukimtuma kijana dukani akalete galoni ya mafuta ya kula, atarudi na dumu la lita 5. Fundi rangi akikwambia ukuta wako unahitaji galoni mbili, anakusudia makopo ya lita 4, yale yale ambayo yakishaisha rangi yanaingia sokoni na kuitwa sado, tukapimiwa nyanya na viazi. Na kuna wanaoita galoni dumu la lita 10. Hakuna ubaya kuita chombo jina lolote tunalotaka. Ubaya unaingia pale jina la chombo linapokutana na maandishi ya dawa.

Maana galoni ya kwenye maandishi si hata moja kati ya hizo. Nazo ziko mbili, na zinatofautiana.

Mwaka 1707 Waingereza waliweka kisheria galoni ya mvinyo kuwa inchi za ujazo 231. Wamarekani walipojitenga nao waliendelea na galoni hiyo hiyo mpaka leo, nayo ni sawa na lita 3.785. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824, wakatunga nyingine kubwa zaidi kwa kusema kwamba galoni ni ujazo wa maji yenye uzito wa ratili 10. Hiyo ni lita 4.546. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza ikarithi galoni hiyo kubwa, na wazee wetu walionunua petroli enzi hizo walipimiwa kwayo. Hata debe letu lilianzia hapo, kwani lilikuwa bati la mafuta ya taa lenye galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi tunapotaja debe tunakusudia lita 20, na mchezo wa maneno unaendelea.

Baadaye nchi ikahamia kwenye kilo, mita na lita, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, unakagua mizani na pampu za mafuta kwa vipimo hivyo. Lakini mizigo kutoka Marekani haikuacha kuja. Inakuja katika mabegi ya ndugu, katika makontena ya misaada, katika vitabu vya afya na katika vyombo vya mtumba. Hata ile chupa kubwa ya maji inayogeuzwa kichwa chini maofisini, mara nyingi lebo yake inasema lita 18.9. Watu wengi huniuliza kwa nini isiwe 19 au 20 kamili. Sababu ni kwamba hizo ni galoni 5 za Marekani.

Hesabu yenyewe

Galoni moja ina kwati nne. Hili halibadiliki, iwe ya Marekani au ya Uingereza. Ukiwa na galoni na unataka kwati, zidisha kwa 4. Ukiwa na kwati na unataka galoni, gawanya kwa 4. Galoni 3 ni kwati 12, na kwati 10 ni galoni 2 na nusu. Kwati nayo ina painti mbili, kwa hiyo galoni ina painti nane.

Msomaji aliyepita madrasa asione ugeni hapa. Sisi tuna pishi yenye vibaba vinne, na nusu yake, yaani vibaba viwili, inaitwa kisaga. Na katika vitabu vya fiqhi tumesoma kwamba saa, ile ya Zakatul Fitri, ni mudi nne. Kumbe mpangilio ni ule ule: kipimo kikubwa kimoja na robo zake nne. Anayejua kugawa pishi katika vibaba tayari anajua kugawa galoni katika kwati. Kitu cha kukumbuka ni kwamba ukubwa haulingani, ni mgawanyo tu unaofanana.

Sasa tuzitie katika lita. Kwati ya Marekani ni mililita 946, yaani lita moja kasoro vijiko vya chai kama 11. Kwati ya Uingereza ni mililita 1,137, yaani lita moja na zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai. Ukitaka njia ya haraka ya kukumbuka tofauti zao, galoni 5 za Uingereza ni karibu sawasawa na galoni 6 za Marekani. Na ndoo yetu ya lita 20 ni galoni 5.3 za Marekani au galoni 4.4 za Uingereza. Ukiihesabu kwa kwati ni 21 za kule na 17 na nusu hivi za huku.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu wa fani hii huenda wasilipende. Mimi sioni haja ya mama wa nyumbani kukariri 3.785 wala 4.546. Akikuta pakiti ya ORS imeandikwa kwati moja, achukue lita moja. Tofauti ya mililita 54 haitamdhuru mtoto, inapunguza ukali wa chumvi kidogo sana. Makosa yanayoleta watoto kwetu si ya vijiko kumi vya maji. Ni ya mara mbili, mara nne, mara tano.

Tuyatazame hayo. Pakiti ya kawaida ya ORS inayotolewa katika vituo vyetu ni ya gramu 20.5, na imetengenezwa kwa ajili ya lita moja kamili ya maji. Baba akichukua chupa ndogo ya maji ya dukani, ile ya nusu lita, akamimina pakiti nzima, amepata dawa yenye chumvi maradufu. Akichukua chupa kubwa akidhani ni lita moja, kumbe ni ya lita moja na nusu, dawa imekuwa hafifu kwa theluthi. Akitumia dumu la lita 5 kwa sababu ameambiwa galoni, mtoto anakunywa maji yenye harufu ya dawa tu, chumvi anayoipoteza kwa kuharisha hairudi, naye ataendelea kulegea huku wazazi wakiamini anatibiwa. Pakiti nyingine ni ndogo, za nusu lita au chini yake. Basi soma kwanza pakiti, kisha soma chupa, ndipo umimine.

Pakiti zikikosekana, tengeneza kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa juu kwa kisu, ndani ya lita moja ya maji safi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na wa miaka miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200. Dawa iliyochanganywa haivuki saa 24, ikibaki imwagwe. Kunyonyesha kusisimame. Na hata ukichanganya kwa usahihi wote, mtoto anayetapika kila kitu, anayelala bila kuamka vizuri, mwenye damu kwenye choo au asiyeweza kunywa, huyo mlete kituoni bila kungoja asubuhi.

Dawa ya kutibu maji

Jambo la pili ambapo galoni inatuchanganya ni klorini. Kipindupindu kilipozuka nchini Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi, vidonge vya kutibu maji vilifika hadi katika nyumba ambazo hazikuwahi kuvitumia. Kidonge cha miligramu 67, ambacho ndicho cha kawaida kwa nyumbani, kimepimwa kwa lita 20 za maji maangavu, kisha unasubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Nimewakuta watu wanaotia kidonge hicho katika kidumu cha lita 5 kwa sababu wameambiwa kidonge kimoja kwa galoni moja. Maji yakanuka kama yametiwa dawa ya kufulia, watoto wakayakataa, mama akatupa vidonge vyote na familia ikarudi kunywa maji yasiyotibiwa. Na nimewakuta waliotia kidonge kimoja katika pipa zima, wakalala usingizi wa amani isiyokuwepo.

Kuna vidonge vidogo vya lita 4 hadi 5, na vipo vikubwa zaidi. Vyote vinafanana kwa umbo. Idadi ya lita imeandikwa kwenye karatasi yake, na karatasi hiyo ndiyo hakimu, si mimi wala jirani.

Maelekezo ya Marekani kuhusu kutibu maji kwa dawa ya kufulia isiyo na manukato huwa yanasema matone 2 kwa kwati, au matone 8 kwa galoni. Msomaji unaona mara moja kwamba hesabu ni ile ile, 2 mara 4. Kwa ndoo ya lita 20, yenye kwati 21, yangekuwa matone 42. Lakini sikuandikii haya ili uyafuate. Matone hayo yamehesabiwa kwa dawa ya kule yenye klorini asilimia 5 hadi 6, na dawa iliyopo katika duka la mtaani kwako inaweza kuwa na nguvu tofauti, au imekaa juani hadi nguvu ikapungua. Nimeyaandika ili siku ndugu yako akikutumia maelekezo hayo kwa simu, ujue kwamba galoni yake si dumu lako, na kwamba kubadilisha ujazo peke yake hakutoshi. Tumia vidonge vilivyotengenezwa kwa maji ya kunywa.

Mudi, pishi na pipa la udhu

Anas bin Malik (ra) amesimulia, na hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (saw) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa saa moja hadi mudi tano. Mudi kwa makadirio ya wengi ni karibu mililita 700. Basi udhu wake haukufika hata kwati moja ya Marekani, na josho lake halikujaza galoni moja. Fanya jaribio. Chukua chupa ya maji ya lita moja, iache wazi juu robo ya chupa, utawadhe kwayo polepole ukikamilisha kila kiungo. Utashangaa kwamba maji yanatosha. Kisha siku nyingine weka ndoo chini ya bomba la msikitini utawadhe kama ulivyozoea, uone ndoo imejaa kiasi gani. Mimi nilifanya hivyo nikaona haya, maana ndoo ya lita 10 ilivuka nusu, na nimesomeshwa hadithi hiyo nikiwa na umri wa miaka tisa. Kwa anayelipa ankara ya maji, uniti moja ni lita 1,000, ambazo ni ndoo 50 tu.

Lakini hapa kuna jambo la afya ambalo wengi wanalichanganya na la ibada. Sisi tuliosoma fiqhi ya Imam Shafi tunajua kanuni ya qullatayn: maji yakifikia kulla mbili hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, maadamu haikubadilika rangi, harufu wala ladha yake. Wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria kulla mbili kwa lita, wapo wanaosema 190 na kidogo, wapo wanaosema 216. Pipa la chuma la mafuta, ambalo familia nyingi hulitumia kuhifadhia maji, ni la galoni 55 za Marekani, yaani kwati 220, ambazo ni lita 208. Kwa hiyo pipa hilo liko pale pale mpakani, na kama likihesabiwa kuwa ni kulla mbili au la, hilo waulizwe masheikh, si tabibu.

Swali langu ni jingine. Mzee mmoja aliniambia kwamba maji ya pipa lake hayahitaji kuchemshwa kwa sababu ni kulla mbili na hayajabadilika. Nikamwambia, mzee wangu, hukumu ile ni ya tohara, inakueleza kama maji yanafaa kwa udhu. Haikueleza kama yana vijidudu vya kipindupindu au vya homa ya matumbo. Hivyo havina rangi, havina harufu, na pipa la lita 208 linaweza kubeba vya kutosha kuangusha mtaa. Maji safi kwa udhu na maji salama kwa kinywa ni maswali mawili. Pipa lote la aina hiyo lingehitaji vidonge 10 hivi vya lita 20, na ni rahisi zaidi kuteka ndoo moja ya kunywa na kuitibu peke yake.

Maji ya Mlima Meru

Kwa wenzangu wa pande hizi za Meru, lipo tatizo jingine ambalo kuchemsha hakulitatui kabisa, na ambalo linahesabiwa kwa ujazo vilevile. Ni floraidi. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha madini hayo. Ndiyo maana Maji ya Chai, Ngurdoto na vijiji vingi vya ukanda ule, wenyeji wanajulikana kwa meno ya kahawia, na mahali pengine watoto wamepinda miguu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika kila lita. Chemchemi na mito kadhaa ya Meru huvuka hapo mara kadhaa.

Sasa angalia hesabu. Tuseme maji yako yana miligramu 3 kwa lita. Unaweka sufuria ya lita 4 jikoni, yaani karibu galoni ya Marekani, yenye kwati nne na kidogo. Unachemsha, unasahau, unarudi zimebaki lita 3. Mvuke umeondoka na maji matupu. Zile miligramu 12 za floraidi zilizokuwa katika lita 4 zote zimebaki katika lita 3, na maji yako sasa yana miligramu 4 kwa lita. Vijidudu wamekufa, lakini floraidi imekolea. Simaanishi usichemshe, kwani kuharisha kunaua mtoto kwa siku mbili na floraidi inachukua miaka. Chemsha, lakini funika sufuria, na maji yakishatokota vizuri epua. Birika la chai linaloachwa juu ya mkaa tangu alfajiri hadi adhuhuri ndilo ninalolisema. Magadi ya kupikia maharage nayo mara nyingi yana floraidi nyingi, na kuyatia katika uji wa mtoto sioni sababu yake.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichopo njia ya kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kilifanyia kazi kwa miaka mingi chujio la mkaa wa mifupa linalopunguza floraidi. (Muulize muuzaji ni mifupa ya mnyama gani, ni haki yako.) Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mkaa huo una ukomo. Ukishachuja kiasi fulani cha maji hushiba, nao unaendelea kupitisha maji maangavu yale yale huku floraidi ikipita bila kuzuiwa. Ukomo huo unahesabiwa kwa lita. Familia isiyojua dumu lake ni lita 18, 20 au 22 haiwezi kujua chujio limechoka lini. Njia nyepesi ni daftari ukutani na mstari mmoja kwa kila ndoo. Na aliye na mtoto wa chini ya miaka minane, umri ambao meno ya kudumu yanatengenezwa ndani ya fizi, kama ana uwezo wa kupata maji ya mvua au ya chanzo chenye floraidi kidogo kwa kunywa na kupikia tu, ampe huyo kwanza.

Pima vyombo vyako

Huhitaji kifaa cha maabara. Nunua chupa moja ya maji ya lita moja iliyofungwa kiwandani. Kabla hujaifungua, weka alama pale maji yalipofika. Hiyo alama ndiyo lita yako, si mdomo wa chupa, kwa kuwa ukijaza hadi mdomoni inazidi. Kwa chupa hiyo pima sufuria, jagi, kidumu na ndoo, ukihesabu kwa sauti usije ukapotea katikati. Ndoo nyingi zinazouzwa kuwa za lita 20 zikijazwa hadi ukingoni huzidi, hivyo chora mstari kwa ndani pale lita ya 20 ilipoishia. Ukitilia shaka, mwombe mwenye duka mizani: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ukishatoa uzito wa chombo. Chupa ya mtoto yenye alama za mililita 250, ikijazwa mara nne hadi kwenye alama, ni lita pia.

Ukikutana na chombo cha mtumba chenye maandishi ya galoni au kwati, tafuta kwanza kama kina alama za lita upande wa pili. Vingi vinazo. Kama hakina, usikisie kwa macho wala kwa nchi kilikotoka, kipime kwa chupa yako.

Na dawa ya maji ya mtoto isipimwe kwa kijiko cha mezani. Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, na vijiko vya jikoni vinatofautiana sana. Omba bomba la kupimia dukani unaponunua dawa, bei yake ni ndogo.

Mama niliyeanza naye alirudi kituoni miezi kadhaa baadaye kwa chanjo ya surua ya miezi 18. Mtoto alikuwa anakimbia koridoni na kiatu kimoja. Mama akatoa katika mkoba chupa ya plastiki iliyochorwa mstari kwa rangi ya kucha ya dada yake, akaniuliza kama lita yake iko sawa. Tukaimimina katika jagi la kupimia. Ilikuwa imepungua mililita 10, vijiko viwili vya chai. Nikamwambia mstari wake uko sawa, asiufute.